Mlinganishwa wa Taifa

Ukitaka kuitafuta nchi hii kwenye ramani utajichosha bure, maana jina lake limo kwenye kamati tangu mwaka juzi, na kamati yenyewe haijakubaliana nani awe katibu. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina mvua za vuli na za masika, na ina Wizara ya Afya na Nadharia, ambayo ndiyo iliyomwingiza Shamte Mwinyikondo kwenye mkasa huu.

Shamte alikuwa Mtathmini Daraja la Tatu. Miaka thelathini na moja kazini hajawahi kudanganya kwenye fomu hata mara moja, na ndiyo maana alikuwa bado daraja la tatu. Mkewe alifariki miaka sita nyuma, watoto hawakujaliwa. Alikaa chumba kimoja cha kupanga, alikula mara moja kwa siku, na redio aliiwasha ili tu mle chumbani kuwe na mtu anayesema. Wizara inawapenda sana wafanyakazi wa namna hii, kwa sababu saa za kazi zikiisha hawana haraka ya kwenda popote.

Sasa, wizara ilikuwa imegundua jambo. Wazee wa nchi ile walikuwa wanakufa kwa upweke. Si malaria, si presha. Mzee anaamka, hana wa kumwamkia, anashinda kakaa, analala, na siku moja haamki. Serikali haikulala. Baada ya miaka miwili tu ya vikao ikazindua Mpango wa Taifa wa Kupigiana Hodi. Wapiga Hodi wa Serikali, waliovaa vizibao vya kijani na vitambulisho shingoni, wangekwenda kwa kila mzee Jumanne na Alhamisi, wapige hodi, wakaribishwe, wakae, waulizane habari, wacheke kidogo, kisha wasindikizwe mpaka njiani. Wazee elfu arobaini waliandikishwa.

Ajabu ni kwamba mpango ulifanya kazi. Wazee wakaanza kuoga asubuhi. Wakaanza kudai chumvi iongezwe. Wawili watatu wakagombana na majirani zao kuhusu mipaka ya viwanja, na waganga wote wanajua kwamba mtu anayegombania kiwanja hana nia ya kufa karibuni. Hapo ndipo wizara iliposhtuka.

"Ndugu zangu," alisema Waziri, Profesa Machibula, mtu mnene wa sauti ambaye hata akiomba maji alikuwa akihutubia. "Tunaona wazee wanapona. Sawa. Lakini wanapona kwa nadharia gani? Kitu kinachofanya kazi bila nadharia ni uhuni."

Basi ikachorwa nadharia, kwenye kitambaa kikubwa kama shuka la futi sita kwa sita. Kulikuwa na kisanduku cha Hodi, na mshale unaokwenda kwenye Karibu. Karibu ikatoa mshale kwenda Kiti, Kiti kwenda Habari za Nyumbani, Habari kwenda Kicheko cha Kiasi, Kicheko kwenda Kusindikizwa, na kutoka hapo Afya Njema, na kutoka Afya Njema mshale mnene kuliko yote ukaenda moja kwa moja mpaka Uchumi wa Kati. Wataalamu waligombana wiki tatu juu ya kisanduku kipi hasa ndicho chenye dawa. Waliosema Kiti walinuniana na waliosema Habari, na mmoja aliyesema labda ni vyote kwa pamoja akahamishiwa idara ya mbu. Mwishowe Waziri akaamua kwamba dawa imo kwenye Hodi, na hivyo vingine ni vya kusindikiza.

Kilichobaki ni kuthibitisha. Ili kuthibitisha ilitakiwa wilaya moja isipigwe hodi kabisa, wazee wake walinganishwe na wengine. Wakuu wa wilaya wote wakakataa, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Wizara ikaomba kata. Madiwani wakakataa. Ikaomba kijiji, wenyeviti wakakataa. Ikaomba angalau kaya moja, na kila kaya ilikuwa na mtu wa kuisemea. Ikabidi atafutwe binadamu mmoja asiye na wa kumsemea, naye akapatikana kitongoji cha Mavumbini: Bi Sikudhani binti Tajiri, mjane wa miaka sabini na nne, mwanawe pekee alikwenda kutafuta maisha akanyamaza hukohuko. Siku ya mkutano wa kitongoji Bi Sikudhani alikuwa mtoni anafua. Aliporudi alikuta ameshachaguliwa kwa kauli moja.

Alipewa cheti kilichomtaja kuwa Mlinganishwa wa Taifa. Uani kwake likasimikwa bango: HAPA HAPAPIGWI HODI. Majirani wakapigwa marufuku kuingia, kusalimia, kuomba moto na kurudisha ungo. Na kwa kuwa upweke wake ulitakiwa upimwe, Shamte akapangiwa kwenda kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, asimame hatua saba kutoka mlangoni, amwulize maswali saba, aondoke. Salamu hairuhusiwi. Kanuni zilisema salamu ni ndugu wa hodi, na ikimwingia Mlinganishwa itaharibu ushahidi.

Mara ya kwanza Bi Sikudhani alitoka anajifuta mikono kwenye kanga, uso umekunjuka kwa furaha ya kuona mtu.

"Hujambo, mwanangu?"

"Swali la kwanza," alisema Shamte, macho kwenye karatasi. "Jana umezungumza na watu wangapi?"

Bibi alimtazama. "Watu? Nimezungumza na kuku."

"Kuku si mtu."

"Najua kuku si mtu. Ila ndiye aliyekuwepo."

Shamte akaandika sifuri. Wakaenda hivyo mpaka swali la saba, lile la kujiona mpweke kiasi gani, moja mpaka kumi. Bibi akauliza kumi ndiyo mwisho? Shamte akasema ndiyo mwisho. "Haya, andika hiyo," akasema, akarudi ndani bila kumsindikiza, maana alikuwa ameshaelewa.

Shamte aliona aibu ile siku, na sitaki mtu aniambie kwamba ni kazi tu. Mtu mzima mwenye mvi kusimama uani kwa mama wa watu na kuanza na "swali la kwanza", bila hata shikamoo, ni jambo la kukufanya ushindwe kumeza chakula. Naye alishindwa. Lakini Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata alikwenda tena, na uliofuata, na uliofuata. Kila mara bibi alizidi kukonda na sauti yake ilizidi kukwaruza kwa kutotumika. Kila mara aliandika kumi. Wizarani zile kumi zilishangiliwa, kwa sababu wazee waliopigwa hodi walikuwa kwenye nne.

Mwezi wa kumi na nne alifika akasimama hatua zake saba, akaita swali la kwanza. Kimya. Akaita tena. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, kuku wanazunguka na njaa, moshi hakuna. Shamte akageuka nyuma, akatazama njia, hakuna mtu. Na neno likamtoka lenyewe.

"Hodi."

Palipita muda. Halafu kutoka ndani, kwa sauti nyembamba ya mtu mwenye homa: "Karibu."

Akaingia. Alimkuta kitandani, midomo imekauka. Hakuwa na nadharia yoyote kichwani. Aliwasha moto, akakoroga uji, akaupoza kwa kumimina kutoka kikombe hadi kikombe, akamnyanyua bibi akamnywesha. Alipomaliza ndipo alipokumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Sikudhani, macho kafumba. "Hiyo ni ya leo. Ya mwezi uliopita?"

Shamte hakuelewa. Bibi akafumbua jicho moja. "Umekuja hapa miezi kumi na minne. Unadhani sihesabu?"

Basi mzee wa watu akakaa chini kwenye mkeka, akaamkia. Shikamoo. Marahaba, hiyo ya mfungo mosi. Shikamoo. Marahaba, hiyo ya siku ile ya mvua, ulilowa na mimi sikuruhusiwa kukwambia uingie. Walipofika ya tisa wote wawili walikuwa wanacheka, tena si kwa kiasi. Walipofika ya kumi na nne Shamte alikuwa analia, naye bibi akajifanya anaitafuta kwa macho mbuzi ya kukunia nazi.

Kuanzia hapo alikwenda kila Ijumaa, bila kizibao wala karatasi, akipita nyuma ya migomba. Walimenya mihogo. Walimsengenya diwani. Alimweleza habari za marehemu mkewe, jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu, na bibi alimwuliza mke wake alikuwa akipika nini siku za sikukuu, swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Jioni alisindikizwa mpaka mwisho wa migomba.

Na Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alisimama hatua saba na kuuliza. Kumi ikawa saba, saba ikawa tano, tano ikawa mbili. Shamte aliandika kama alivyoambiwa, kwa kuwa hajui kuandika vingine. Kama umetembelewa au hukutembelewa fomu haikuuliza. Nadharia ilishasema Mlinganishwa hatembelewi, kwa hiyo kumwuliza kungekuwa kuikosea nadharia adabu.

Wizarani zile takwimu zilipokelewa na kongamano la siku tano kwenye hoteli yenye bwawa. Ushahidi ulikuwa wazi. Wazee waliopigwa hodi kwa miaka miwili wamekwama kwenye nne. Bibi asiyepigwa hodi na mtu yeyote kashuka mpaka mbili.

"Kumbe hodi ndiyo inayowachelewesha," alisema Profesa Machibula, na ukumbi ukapiga makofi kwa dakika kadhaa. Jioni ile ile Mpango wa Taifa wa Kupigiana Hodi ukafungwa, na vizibao vya kijani vikagawiwa idara ya misitu.

Shamte alisikia kwenye redio. Jumanne alipopita kwenda kazini aliona wazee wametoa viti nje, wameoga, wamekaa wakitazama njia. Alhamisi aliwaona tena. Wiki ya pili viti vilikuwa vichache. Wiki ya tatu alipita kijiji kizima hakuona kiti hata kimoja, na palikuwa na kaburi jipya upande wa shule. Akili yake ilimwambia anyamaze, ana miaka mitatu tu ya kufikia kustaafu. Miguu yake ikampeleka wizarani.

Alimkuta Waziri na wataalamu wake saba chini ya kile kitambaa. Akasema yote, kuanzia ile hodi iliyomtoka mpaka mihogo.

Hakuna aliyekasirika. Waliinuka wote wakaenda kukikagua kitambaa.

"Huo uji," aliuliza mtaalamu mmoja, "uko kisanduku kipi?"

"Haupo, mheshimiwa," alisema Shamte.

"Na huko kulia machozi?"

"Nako hakupo."

"Ulitumwa na nani?" aliuliza Waziri.

"Sikutumwa. Alikuwa mgonjwa."

Waziri akamtazama kwa huruma. "Bwana Mwinyikondo, mimi nakuelewa kama binadamu. Kama Wizara siwezi kukuelewa. Ulichofanya kinaitwa uchafuzi." Wakaandika neno Uchafuzi kwenye kisanduku kipya, wakakibandika kitambaani kwa pini, na wote wakaonekana kutulia.

"Mpango urudishwe, mheshimiwa," alisema Shamte. "Wazee wanakufa."

"Utarudishwa. Lakini kwa ushahidi gani? Mlinganishwa wetu umeshamchafua. Anatakiwa mwingine, mpweke safi." Waziri akaegemea kiti. "Wewe una mke?"

"Alifariki."

"Watoto?"

"Hapana."

"Rafiki?"

"Nilikuwa naye mmoja."

Wataalamu wakatazamana kwa furaha, na mmoja akaanza kuandika cheti.

Masharti yalikuwa mepesi. Bi Sikudhani aingizwe kwenye mpango, apigiwe hodi Jumanne na Alhamisi kama wazee wengine. Bango ling'olewe kwake lisimikwe kwa Shamte, ambaye atahamia ghala la zamani la ushirika, palepale Mavumbini, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Alama zake zikibaki tisa au kumi, mpango unaendelea nchi nzima. Zikishuka chini ya tisa hata mara moja, mpango unafungwa na haufunguliwi tena. Na safari hii wizara ilikuwa imejifunza, ikaongeza swali la nane na kuliweka la kwanza: Je, umetembelewa? Kwa kuondoa utata, kanuni ya nne ikaeleza kwamba ziara ni hodi tatu zilizotimia, au hodi moja iliyojibiwa.

Shamte akatia saini. Kwani angefanya nini? Viti vya wazee vilirudi nje Jumanne iliyofuata.

Ghala lilikuwa na mlango mmoja wa mbao na dirisha dogo linalotazama uwanjani. Kutoka hapo aliwaona wenye vizibao wakiingia kwa Bi Sikudhani, wawili wawili, wakisema hodi kwa pamoja kama kitabu chao kinavyoelekeza. Aliwaona wakitoka wamebeba mihogo. Alimwona bibi akiwasindikiza, kanenepa kidogo, kajifunga kanga mpya. Alifurahi, kwa kweli alifurahi, kisha akafunga dirisha akakaa juu ya gunia. Redio walikuwa wameichukua, kwa kuwa mtangazaji husema "hamjambo".

Miezi miwili ya kwanza hakuhitaji kufikiri. Mtathmini mpya, mwanamke mmoja mpole aitwaye Asnath, alisimama hatua saba na kuuliza, na Shamte akajibu kumi bila kuinua kichwa.

Mwezi wa tatu, siku ya Ijumaa, alisikia ndara zikiburuzwa uani. Zilikuja mpaka mlangoni zikasimama.

"Hodi," ilisema sauti anayoijua.

Shamte aliganda juu ya gunia. Neno karibu lilimpanda mpaka kwenye meno, akaziba mdomo kwa viganja viwili. Akifungua mdomo, elfu arobaini wanaingiza viti ndani, na bibi mwenyewe akiwemo.

"Hodi," ilisema sauti tena.

Sasa, kila mtu wa nchi ile anajua mambo ya hodi. Unapiga ya kwanza, unapiga ya pili, unapiga ya tatu, na usipojibiwa ya tatu umekataliwa, unakwenda zako wala hurudi mpaka uitwe. Shamte aliingoja ya tatu jasho likimtoka. Haikuja. Bibi alikuwa amesimama palepale, anasikika anavyohema, hana haraka. Alikohoa. Akaitoa ndara moja, akakung'uta mchanga, akaivaa. Halafu akaondoka taratibu.

Ilimchukua Shamte mpaka Jumapili kuelewa. Bibi hakujua kusoma, lakini wenye vizibao walijua, naye aliwaomba wamsomee kanuni zote mpaka ya nne. Hodi mbili zisizojibiwa si ziara. Na kwa kuwa ya tatu hakuipiga, hakuwa amekataliwa, kwa hiyo anaweza kurudi.

Akarudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata. Hodi mbili, kisha robo saa ya kusimama. Hakusema neno lingine, maana alikuwa mtu mwangalifu. Shamte akaanza kuoga Ijumaa. Akavaa kanzu, akasogeza gunia karibu na mlango, akakaa upande huu wa ubao na bibi upande ule, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyovuta pumzi. Alhamisi jioni alikuwa na raha mwilini. Jumamosi alikuwa anaimba kidogo.

Asnath akaja.

"Umetembelewa?"

"Hapana," alisema Shamte, na kisheria ilikuwa kweli.

"Unajiona mpweke kiasi gani, moja mpaka kumi?"

Alijua jibu. Lilikuwa tatu, pengine tatu na nusu. "Kumi," alisema, na ulikuwa uongo wake wa kwanza kwenye fomu katika miaka yote ya kazi yake. Mwezi uliofuata aliusema tena, kwa wepesi kidogo. Alidanganya miezi saba. Mpango ukastawi, nchi jirani zikaja kuutazama, na kitambaa kikapelekwa ng'ambo kwa ndege, kwenye kiti chake chenyewe.

Ijumaa moja, mwezi wa kumi tangu ahamie ghalani, alikaa na kanzu yake mpaka jua likazama. Ndara hazikuja.

Jumamosi asubuhi alifungua dirisha. Watu walikuwa wanavuka uwanja kuelekea kwa Bi Sikudhani, wanawake wamejitanda kanga, wanaume wamebeba mikeka na masufuria makubwa ya kuazima. Wenye vizibao nao walikuwepo, wamevivua wamevishika mkononi. Walipita karibu na ghala, lakini hakuna aliyegeuza shingo upande ule, maana bango lilikuwa linaonekana vizuri. Mazishini watu hushikana mikono na kupeana pole, na pole ni salamu, nayo salamu Mlinganishwa haruhusiwi. Shamte alisimama dirishani mpaka waliporudi kutoka makaburini. Kisha akaivua kanzu akaikunja.

Jumatatu Asnath akaja, akasimama hatua zake saba.

"Umetembelewa?"

"Hapana."

Yakapita mengine. Ya watu aliozungumza nao jana, ya chakula, ya usingizi. Likabaki la mwisho.

"Unajiona mpweke kiasi gani, moja mpaka kumi?"

Shamte alitaka kumweleza yule mwanamke kwamba zile kumi saba zilizopita azifute, kwamba hazikuwa kumi hata kidogo, kwamba hii ya leo ndiyo kumi, na kama kuna namba mbele yake basi amwandikie hiyo. Lakini ng'ambo ya uwanja, na ng'ambo ya vijiji vyote vya nchi ile, kesho ilikuwa Jumanne na wazee walikuwa wanafuta viti vyao vumbi.

"Kumi," alisema.

Asnath akaiandika chini ya zile nyingine, zikapangana vizuri. "Takwimu zako zimetulia, mzee," alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu mpole akaongeza kwamba wizarani wanazipenda sana.